Lipiko Halina Miguu

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye maonyesho ya picha katikati ya London, hasa kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kuingia ni bure. Tulikuwa tunapita harakaharaka, yeye akidai njaa, hadi tulipofika mbele ya picha moja iliyochorwa na Mpueblo, mmoja wa watu wa asili wa Marekani, kule kwenye nchi kame. Ni ngoma ya ibada. Wanaume wameshika vibuyu vya kutikisa, mikia ya mbweha inaning'inia nyuma yao. Wanawake wamevaa kichwani vibao vilivyopakwa rangi. Miguu imeinuliwa kwa pamoja, na chini yake hakuna uwanja wala kivuli, ni karatasi tupu.

"Mama, mbona hawakanyagi chini?" aliuliza, kwa Kiingereza chake cha Barking, mtaa wetu wa London.

Mwenzio nilikuwa nimeshafika Newala, utotoni mwangu.

Mavuno yamekwisha, wavulana wanatoka jandoni. Tangu asubuhi tumefagia uwanja, bibi anachoma mihogo na korosho, na moshi wa korosho unatuwasha macho. Alasiri wapigaji walipasha ngozi za ngoma kwenye moto wa majani makavu, wakizigonga kidogokidogo hadi zikalia walivyotaka. Hapo ndipo lipiko lilipotokea upande wa makaburini.

Wageni wangesema ni mchezaji aliyevaa kinyago. Kwetu sisi watoto lilikuwa mfu aliyefukuliwa, basi. Uso wa mti wenye chale na nywele za kweli, njuga kiunoni, mwili mzima umefungwa vitambaa. Lilitimua vumbi jekundu hadi miguu ikapotea, na naapa nililiona likielea. Wanawake walikimbia wakipiga mayowe, bibi yangu akiwa wa kwanza, na unene wake wote, kanga ikabaki nyuma. Niliogopa hadi nikasahau kulia, na sijui kama nimewahi kufurahi vile tena.

Kesho yake mjomba alilala hadi mchana. Bibi alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi, uso mkavu kabisa. "Ameanguka kwenye mkorosho," alisema, na kati ya wanawake waliokuwepo hakuna aliyecheka. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba wote walikuwa wanajua, na kwamba kule kukimbia ndiko kulikuwa kucheza kwao. Bila wao, lipiko lingekuwa mtu tu aliyejifunga matambara.

Hayo nilimsimulia binti yangu palepale mbele ya picha, isipokuwa habari ya mjomba na mkorosho. Maandishi ya ukutani yalisema kwamba kwa Wapueblo kuna mambo ya ibada yasiyoonyeshwa kwa mtu wa nje, na mchoraji alichora yale tu yanayoruhusiwa. Nilimheshimu sana mtu yule.

"Sasa ndani alikuwa nani?" binti yangu akauliza.

Bibi hayupo tena, na mjomba pia. Majuzi binamu yangu alituma video kwenye kundi la ukoo: lipiko limekaa kwenye kiti cha plastiki, uso limeuweka pajani, linakunywa soda, na watoto wamelizunguka wanalitania. Hakuna anayekimbia. Niliitazama video ile jikoni kwangu na niliumia, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Katika ukoo wetu wote amebaki huyu binti yangu tu, asiyejua hata kuomba maji kwa Kimakonde, ambaye bado hajaambiwa.

"Ndani ya nini?" nilimwambia. "Lilikuwa lipiko."

Alinitazama usoni kwa muda, akitafuta kama natania. Kisha akaigeukia picha, akasogea karibu yangu na kunishika mkono kwa nguvu.