Aliulizwa Mume Wangu, Nikapunguzwa Mimi

Admin, nifiche vizuri tafadhali, maana mume wangu naye yumo humu na anapenda sana kuwashauri watu kwenye komenti. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi Mbwawa, Kibaha, nina watoto wawili. Tulikutana kazini, kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo. Yeye yuko upande wa mitambo, mimi nilikuwa nafungasha. Nasema nilikuwa, kwa sababu sasa hivi ni mama wa nyumbani kwa lazima.

Mwaka huu kiwanda kilileta mashine ya kufungasha. Tukatangaziwa kwamba sisi wa mikono tutapunguzwa, ila kwanza uongozi utakaa na mwakilishi wa wafanyakazi kuangalia kama kuna njia nyingine. Mwakilishi mwenyewe ni mume wangu. Nilijiona nina bahati jamani. Kila jioni nikimuuliza, ananijibu bado wanajadiliana, huku anakula. Siku majina yaliposomwa, langu likawemo. Mwenzangu Mwanahawa, tuliyekuwa tunafungasha naye meza moja, akahamishiwa ghala jipya la Kisarawe. Nikamnunia yule dada, hata salamu yake nikawa siitikii, nikiamini kapitia mlango wa nyuma.

Nilipotaka kwenda kulalamika kwenye tume ya usuluhishi wa kazi, mume wangu akawa mkali, akasema nitamharibia kazini. Nikaenda hivyo hivyo. Kwenye kikao cha usuluhishi nikaeleza kwamba mimi ni mtoto wa Kurui, Kisarawe kwangu si ugenini, sasa kwa nini sikufikiriwa kwenye lile ghala? Afisa utumishi wa kiwanda akaniangalia kwa huruma.

"Mama, ile nafasi tuliitenga kwa ajili yako. Mume wako ndiye aliyetuambia kikaoni kwamba huwezi kwenda, tukampa mwenzako."

Msuluhishi akaniuliza kama ni kweli nilikataa. Nikaanza kulia mbele za watu, akaahirisha kikao.

Nyumbani sikupiga kelele. Nilimwacha mume wangu avue viatu, nikamuuliza. Hakukana.

"Mama Shufaa, mimi si mume wako? Waliniuliza, nikajibu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza mimi.

"Kwa sababu ungekubali," akasema.

Ndugu zangu, hilo neno limenikaa kooni mpaka leo. Baadaye akaongeza mengine, kwamba angerudi kutoka zamu akute nyumba haina mtu, kwamba wanaume wa ghalani anawajua walivyo. Hayo niliyasikia tu, moyo ulikuwa umeshakufa. Na uongozi nao siuachi. Nilikuwa humo humo kiwandani nafungasha, wangeniita nikaja. Walipotaka nije kufanya kazi Jumapili walinipigia mimi, hawakumpigia mume wangu. Ila siku ya kuamua riziki yangu nikawa mtu wa kusemewa.

Sasa ananibembeleza nikiri kwamba tulikubaliana nyumbani. Nikisema sikuulizwa, kiwanda kitamgeukia kwamba aliwadanganya, naye atatolewa, tubaki wote wawili tunaangaliana na ada za watoto zinadaiwa. Nikisema tulikubaliana, madai yangu yanaishia hapo, na itaonekana kazi niliikataa mwenyewe. Mama mkwe amenipigia kutoka Dutumi. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, halafu akasema hajawahi kuona mwanamke anamtoa mumewe kazini halafu akabaki na ndoa. Nilimjibu ndiyo mama, nikakata simu nikalia tena.

Mwanahawa nilimfuata nikamwomba msamaha. Akaniambia alidhani nimeikataa ile nafasi, na alikuwa ananishangaa, kwa sababu kila siku mezani nilikuwa namwambia natamani siku moja nifanye kazi karibu na kwetu. Mume wangu alikuwa analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kikao kinarudi Jumatatu. Mume wangu ameshanipangia cha kusema, na jana alinitaka nirudie mbele yake asikie kama nimeshika. Nikarudia. Lakini msuluhishi alisisitiza kwamba safari hii anataka jibu kutoka kwangu mimi mwenyewe. Nishaurini ndugu zangu, niseme nini?