Themometa Mbili za Mjimwema

Mume wangu alikuwa bwana shamba. Serikali ilipoanza kupunguza watu kazini, naye akapunguzwa. Alirudi nyumbani kwetu Mjimwema na themometa mbili kuukuu ambazo ofisi ilikuwa inazitupa, akazitengenezea kisanduku cha mbao chenye matundu, akakipaka rangi nyeupe na kukisimamisha uani kwenye miguu minne. Bibi mmoja jirani, akitoka misa ya asubuhi, akapiga ishara ya msalaba akidhani tumemweka Bikira Maria. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Themometa moja ilikaa kavu. Ya pili aliifunga kitambaa cha pamba chini, ncha yake ikachovya kwenye kikombe cha maji. Hewa ikiwa kavu, hii ya maji inasoma chini zaidi. Zikilingana, ujue hewa imejaa unyevu. Asubuhi na alasiri alizisoma, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Mimi nilinung'unika, "Mtu mzima na akili zake, kutwa kuchungulia sanduku!" Lakini ndilo lililokuwa linamtoa kitandani, na hilo nililijua.

Halafu, mwezi wa kumi, hata sanduku likashindwa. Akageukia ukutani, hataki kula wala kusema. Mwenzake aliyepunguzwa naye tulikuwa tumemzika juzijuzi, pombe imemmaliza. Niliogopa jamani, niliogopa sana. Nikaona ule mlango nisiuache mtupu, nikaenda kusoma mwenyewe.

"Baba, leo zimelingana," nikamwambia.

Kisha akauliza, "Nini zimelingana?"

"Themometa zako. Namba ileile. Nimeshaandika."

"Umeandika?" Akageuka. "Mwezi wa kumi, vumbi lote hili, hewa imelowa? Sisi samaki? Kikombe umekitia maji, wewe mama?"

Maji! Nani aliniambia habari za maji? Kitambaa kilikuwa kimekauka kau.

Akashusha miguu. Akatoka na shuka kiunoni, pekupeku, ananigombeza mpaka majirani wakachungulia: nimemharibia mlango, nimemharibia hesabu za mwezi mzima! Siku nyingine ningemjibu, tena vizuri tu. Siku ile nilisimama juani nikamshukuru Mungu kwa kila neno.

Alipomaliza kumimina maji akaniuliza kama kuna uji. Nikakimbilia jikoni, asije akaniona ninavyolia.