Ufunguo Shingoni mwa Mtungi

Tangu utotoni mwanamke huyo alikuwa mzito wa kuelewa, na sasa, akiwa na miaka arobaini, aliishi katika chumba chake mwenyewe. Msaidizi wake alimzoesha kutundika ufunguo wa mlango kwenye koki ya mtungi wa gesi, ili asitoke kabla ya kuifunga.

Siku moja kaka yake alikuja kumrudisha nyumbani kwa mama yao. "Utakuja kuungua humu, mdogo wangu." Akachemsha chai, wakanywa, wakatoka. Kaka akafunga mlango kwa ufunguo wake wa akiba.

"Kaka, huo umeutoa wapi?"

"Mfukoni."

"Basi gesi hujafunga!"

Wakarudi ndani. Jiko lilikuwa linawaka.

Dada yake akalizima huku akicheka. "Wa kurudishwa kwa mama ni wewe!"

Kaka akautundika ufunguo wake kwenye koki, akaondoka peke yake.