Tulipompima Wandera ili Kuijaribu Mashine

Siku ile tulikuwa wanne, na nawakumbuka wote: mimi, mdogo wangu Nabwire, ndugu yetu Wandera, na sista, muuguzi wa zahanati, aliyekuja kupima watu presha sokoni Busia, karibu na meza yangu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Baba alitangulia, kisha mama akaanguka shambani Namboboto aking'oa mihogo, hakuinuka tena. Nikaacha shule darasa la saba, nikawalea.

Mwanangu, matangani walisema ni presha, na kwamba presha ni ya akina mama. Nikalishika neno hilo miaka yote. Kwa hiyo sista alipofika nilimvuta Nabwire, si Wandera. Wandera alikuwa na miaka thelathini na mmoja, anabeba watu kwa baiskeli hadi mpakani, miguu kama ya fahali wa kulima. Alisimama kando akitutania kwamba presha ni ya wanawake na Wazungu wanene, Msamia kama sisi, anayekula samaki, haijui.

Tukapimwa mimi na Nabwire, tukaambiwa tuko sawa. Nikakataa. Ningekuwaje sawa, na mama alikufa vile? Sisi wa sokoni tukiishuku mizani tunaweka juu yake pakiti ya unga ya kilo mbili, ambayo uzito wake unajulikana. Nikamwambia sista, watu wakisikia, kwamba mashine yake ni mbovu, ampime Wandera, mtu ambaye afya yake haina shaka, tuone.

Ikasoma juu sana. Nikacheka. "Si nilikuambia imeharibika?"

Sista hakucheka. Akamkalisha kimya, akampima mkono wa pili, kisha akatuita zahanati siku mbili zaidi, kwa mashine nyingine. Namba zikabaki kule juu.

"Dada," akaniambia, "wanaume ndio hutangulia kushikwa na presha mara nyingi, tena wakiwa vijana. Sisi wanawake tunawafikia hedhi ikikoma. Na hao Wazungu mnaowacheka, huko ng'ambo tunakoishi nao pamoja, sisi weusi presha mara nyingi hutushika mapema kuliko wao."

Nikaliona jeneza la tatu. Lakini Wandera alipunguza chumvi, akameza tembe kila asubuhi nikimsimamia, na baada ya miezi kadhaa namba zikashuka. Nilikaa juu ya gunia la omena nikalia kwa furaha. Leo ana wajukuu, na bado ananiita askari wa tembe.

Basi, kijana wa kiume, usingoje uumwe, kwani presha haiumi. Nawe binti, ukiambiwa uko sawa, rudi tena miaka ikisonga. Mimi nilirudi hedhi ilipokoma, nikakuta yangu imepanda. Sasa tunameza pamoja. Mungu awatulizie damu, awape uzee mrefu.

Sista alihamishwa kabla sijamwomba radhi kwa kuitukana mashine yake mbele ya soko zima. Hilo bado nadaiwa.