Hadi Darajani na Kurudi

Walubengo hakuwa mtu wa uongo. Wote waliofanya kazi naye katika lile shamba kubwa karibu na soko la Ziwa wangekuambia hivyo, na wangeongeza kwamba hata ng'ombe walimwamini, maana alikuwa na mkono mwepesi wa kuwashika wakiugua. Lakini siku ya mkutano wa chama cha maziwa, mwenyekiti aliposimama na kuuliza, "Nani hapa anajua kuendesha pikipiki?" mkono wa Walubengo ulikuwa juu kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kuukataza.

Tusimcheke haraka. Shamba lilikuwa limeuzwa, mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya njano ya msaada, na wenyewe wapya walikuwa wakilikata vipande na kugawana. Nyumba za wafanyakazi ziliangukia kipande cha mtu ambaye hakuwajua wala hakutaka kuwajua. Waliambiwa mahindi yakishavunwa, kila mtu ashike njia ya kwao. Sasa kwao Walubengo ni wapi? Alitoka Bungoma akiwa kijana wa ndevu za kwanza, baba yake akafa, ndugu zake wakagawana mpaka kizingiti cha mlango. Watoto wake walizaliwa hapa, wakasoma hapa, na walikuwa wakizungumza Kikalenjin zaidi kuliko lugha ya mama yao. Na chama cha maziwa kilikuwa kikitafuta mtu wa kuzunguka kwa wakulima kupelekea mifugo dawa. Mtu huyo angepewa pikipiki, na angepewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya chama. Ungekuwa wewe, mkono wako ungekaa mfukoni?

Mkono mwingine ulioinuka ulikuwa wa Mwalimu Kibet, ambaye kazi ya chaki ilikuwa imemchosha. Yeye aliuinua polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana ana haja. Mwenyekiti, Mzee Bethwel, aliwatazama wote wawili.

"Walubengo namjua na ng'ombe," akasema. "Kama na pikipiki anaweza, basi tumemaliza. Jumatatu nitaenda na yeye Eldoret, aijaribu mwenyewe dukani kabla hatujanunua. Sisi wengine tukiangalia pikipiki tunaona nini? Rangi tu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Walubengo alicheka pia, jasho likimtoka mgongoni.

Nyumbani alimkuta Nanzala anasonga ugali. Alimweleza yote, mpaka vile vyumba viwili.

"Wewe umeendesha pikipiki lini?" mkewe akauliza.

"Sijaendesha."

"Na umewaambia unajua."

"Nimewaambia."

Nanzala aliendelea kusonga mpaka ugali ukaiva. Akaupakua, akaugeuza, akafuta mwiko. "Basi ujue kabla ya Jumatatu," akasema, na hilo likawa limekwisha.

Siku ya pili yake Walubengo aliomba ruhusa ya kwenda kuona mgonjwa, akavaa koti la kanisani, akaenda Eldoret. Hakuwa na rafiki mwenye pikipiki. Hakuwa na mtu wa kumfundisha bila habari kufika Ziwa kabla yake. Alichokuwa nacho ni wazo moja lililomjia akiwa hajalala: kwamba pikipiki zipo dukani, na dukani mnunuzi huruhusiwa kujaribu. Kwa nini naye asiwe mnunuzi?

Duka la kwanza lilikuwa la mwuzaji aitwaye Ogola, mwanamume mnene mwenye maneno matamu. Hakumwuliza Walubengo maswali mengi. Wakulima wa mahindi huja na viatu vya tope na bado hununua, kwa hiyo Ogola alikuwa amejifundisha kutodharau kiatu. Utaratibu wake ulikuwa huu. Mteja huacha kipande chake, yaani kitambulisho, kaunta ndani, na karani hukiandikisha bila haraka. Wakati huo Ogola yuko nje na chupa ya soda iliyojaa petroli. Anaimimina kwenye tangi, hiyo tu, ya kumfikisha mtu hadi daraja la mto Sosiani na kumrudisha, ili mwizi akijaribu kuchukua pikipiki asifike mbali. Kisha anaiwasha mwenyewe. Alikuwa na jambo lake kuhusu hilo.

"Mteja wangu haonyeshwi pikipiki iliyolala," alipenda kusema. "Akitoka nje, aikute inaimba."

Walubengo alitoka nje, akaikuta inaimba. Alipanda. Baiskeli aliijua, na klachi na gia alizijua kwa trekta, kwa kuwa dereva wa trekta shambani alikuwa mlevi na mara nyingi alimwachia usukani. Aliachilia klachi, pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyekatwa kamba, akaidhibiti karibu na mtaro. Watu wawili wakamsonya. Lakini alipofika darajani alikuwa ameshaingiza gia ya pili, na aliporudi moyo ulikuwa umeshuka mahali pake.

"Klachi yake ni kali," akamwambia Ogola.

"Wateja wote husema hivyo," Ogola akajibu, akamrudishia kipande chake.

Akaenda duka la pili, na la tatu. Kote ni vilevile: kipande kaunta, chupa ya soda, pikipiki inangoja nje ikiunguruma. Kila mara alikwenda vizuri zaidi. Alijifunza kuegemea kwenye kona, alijifunza breki ya mguu na ya mkono, alijifunza kupita katikati ya mikokoteni. Kwenye duka la tatu alithubutu hata kupiga honi. Mtu aliyemwona akivuka daraja saa zile angesema huyo amezaliwa juu ya pikipiki, na Walubengo mwenyewe alianza kuamini hivyo.

Hapo ndipo ilipomzimikia, upande wa pili wa daraja.

Aligeuza ufunguo, jinsi anavyofanya kwenye trekta. Taa ndogo iliwaka, injini ikanyamaza. Akageuza tena. Akainama, akatazama vyuma vile vyote, na hakuna hata kimoja kilichomwambia kitu. Kila pikipiki aliyopanda siku ile ilikuwa imeshawashwa na mtu mwingine wakati yeye yuko ndani akitoa kipande. Alijua kuendesha. Kuwasha hakuwahi hata kuona.

Angeweza kuuliza. Barabara nzima ilikuwa na watu, na mmoja wao lazima alijua. Lakini mtu aliyekuja kununua pikipiki amwulize nani jinsi ya kuiwasha? Aliisukuma mpaka dukani, koti la kanisani likiwa limelowa.

"Petroli imeisha," akasema.

Mwuzaji alijua alichomimina, kwa hiyo akaamini. Akacheka, akaomba radhi kwa ubahili wa duka lake. Uongo ulikaa vizuri sana, na kwa kukaa vizuri ulimfungia mlango, maana asiyeshukiwa hafundishwi.

Jumamosi alirudi kwa Ogola akiwa na nia moja tu, asimame nje aone. Ogola alimkuta mlangoni. "Rafiki, maduka yote yanakuzungumzia," akasema kwa upole. "Umejaribu za kwangu, umejaribu za wenzangu. Sasa nunua, au uniachie nafasi ya anayenunua." Walubengo alisimama kwenye baraza kwa muda mrefu akingoja mteja mwingine aje, amwone Ogola akiwasha. Hakuja mtu. Mchana duka likafungwa.

Jumapili kanisani hakusikia mahubiri. Alikuwa akiomba, na ombi lake lilikuwa dogo na la ajabu: pikipiki isizimike. Wakati huo Nanzala alikuwa ameshahamisha mafiga yake matatu, akayapanga nyuma ya nyumba ya chama ili mwingine asiitamani. Alifagia vyumba vyote viwili na kuweka mkungu wa ndizi mlangoni kwa ajili ya wageni wa jioni ya Jumatatu.

Jumatatu Mzee Bethwel alivaa tai. Ogola alipowaona wakiingia pamoja, aliwatazama kwa zamu.

"Karibu tena," akamwambia Walubengo.

"Mnajuana?" Mzee akauliza.

Walubengo aliona nyumba ya vyumba viwili ikiondoka mbele ya macho yake. Ogola alikuna shavu. "Huyu? Huyu anajua pikipiki zetu zote, Mzee."

Mzee Bethwel alifurahi mpaka akasahau kuketi. Kipande kikawekwa kaunta, pikipiki ikaimba nje, na Walubengo akaenda hadi darajani na kurudi huku mwenyekiti wake akimwangalia kutoka barazani. Hakuwa amewahi kuendesha vizuri vile. Aliporudi hakuizima. Mzee alipoingia ndani kumalizana na karani, Walubengo alibaki amekaa juu yake nje, mguu chini, akiichochea mafuta kila ilipotaka kushusha sauti. Ogola alitoka kujaza tangi.

"Zima kwanza nikuwekee mafuta," akasema.

"Weka hivyo hivyo."

"Inaweza kuwaka moto, ndugu yangu."

"Weka, tafadhali." Macho yake yalikuwa mekundu. Ogola alimtazama usoni, kisha akatazama barabara huku na huku kama anayeiba, akamimina polepole, bila kuuliza zaidi.

Mambo ya makaratasi yalichukua muda, na jua lilikuwa limeinama walipoanza safari, Mzee akiwa nyuma amemshika kiuno. Barabara ya Ziwa ilikuwa kavu. Mzee alizungumza njia nzima juu ya ng'ombe, juu ya wanachama watakavyoshangaa. Walipofika kioski cha chai alitaka washuke. Walubengo alimwambia injini mpya haizimwi siku ya kwanza, eti inaharibika. "Kumbe," Mzee akasema kwa heshima. "Basi twende tu." Na Walubengo akamchukia Mungu kidogo kwa kumpa mwenyekiti mwema hivyo.

Walikuwa wamebakiza mwendo mfupi. Bati jipya la nyumba ya chama lilionekana kule mbele, na kabla yake palikuwa na kambi ya chifu kando ya barabara. Hapo filimbi ikalia.

Kila aliyeishi miaka ile anajua filimbi hiyo. Ni saa kumi na mbili, bendera inashuka, na kila kitu kinasimama kilipo. Wanawake wenye mikebe ya maziwa walisimama, wachezao mpira walisimama. Walubengo alisimamisha pikipiki, akashusha miguu. Katika ukimya ule wote injini yake peke yake iliunguruma.

Askari aliyekuwa kwenye kamba ya bendera hakuweza kugeuka, lakini mwenzake aligeuza shingo.

"Zima," Mzee Bethwel akanong'ona.

Walubengo hakuzima.

"Walubengo, zima hiyo kitu. Unataka tulale ndani? Watasema tunadharau serikali."

Askari alianza kuja, rungu mkononi. Walubengo aliangalia lile bati. Akageuza ufunguo.

Bendera ilishuka taratibu, ikakunjwa. Filimbi ikalia mara ya pili, watu wakaendelea na mambo yao. Walubengo aligeuza ufunguo, taa ndogo ikawaka. Aligeuza tena. Alikanyaga chuma kimoja kikawa ni gia. Akakanyaga kingine kikawa ni breki. Akavuta, akasukuma, akasukasuka kiti kama mtu anayemwamsha mlevi. Wenye mikebe walianza kukusanyika. Mzee Bethwel alishuka, akazunguka akaja mbele, akaitazama mikono yake ikipapasa vyuma.

"Umewahi kuendesha hii kitu kweli?"

"Nimeendesha, Mzee. Si umeniona? Kuwasha ndio sijawahi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mzee alivua kofia, akaivaa tena.

"Ng'ombe ya mtu ikifura tumbo mahali huko ndani," akasema polepole, "utamwambia angoje mpaka Ogola aje atuwashie?"

Walubengo alitaka kumwambia kwamba angejifunza sasa hivi, kwamba mtu anaweza kujifunza kitu kidogo hivyo kabla giza halijaingia. Alitaka kumwambia kuhusu mafiga. Lakini Mzee alikuwa ameshageuka, akimtafuta mtu katikati ya wale watu, na Mwalimu Kibet alikuwa pale, baiskeli mkononi.

Kibet aliilaza baiskeli majanini. Walubengo alishuka, akampisha. Mwalimu aliinama, akakunjua kwa kidole kijichuma kilichokuwa kimejificha ubavuni, akapanda, akakikanyaga mara moja kwa uzito wake wote. Pikipiki ikaimba.

Ilikuwa hivyo tu. Walubengo alikitazama kile kijichuma kikirudi mahali pake, na akajua kwamba hatakisahau maisha yake yote.

Mzee Bethwel alipanda nyuma ya Kibet. "Tutaongea, Walubengo," akasema bila hasira, na hilo lilimwumiza zaidi. Wakaondoka. Pikipiki iliyumba kidogo, kwa kuwa Kibet hakuwa mwendeshaji mzuri, na gia ya pili aliiingiza kwa kelele.

Walubengo alifuata kwa miguu. Hakukuwa na njia nyingine ya kwenda, mke wake alikuwa mbele huko. Alisikia mlio wa pikipiki ukikaribia ofisi ya chama, na mara akasikia vigelegele, vya sauti moja kwanza, halafu na vya majirani. Hiyo ya kwanza aliijua. Nanzala alikuwa ametoka nje kumpokea mumewe.

Kisha ile sauti moja ikakatika, nyingine zikaendelea kidogo bila yake, na Walubengo akazidi kutembea.