Mizigo ya Watu Mpaka Mwanza

Siku ile ya safari haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila mtu wa hapa South Beach, Durban, akikata tiketi ya ndege kwenda kwao, inanirudia na kunikera upya, na leo wewe nawe umekata yako. Usicheke nikikuita mwanangu. Nina miaka thelathini tu, lakini kwenye hii fleti mimi ndiye wa zamani, na la kuambiwa nimeshaambiwa, tena na mama mzazi.

Ilikuwa tisini na saba. Kule Mobeni, kwenye ghala ninakofanya kazi, walinipa likizo ya wiki moja. Nikakata tiketi: Durban mpaka Johannesburg, Johannesburg mpaka Dar, Dar mpaka Mwanza, kwetu. Sikuwa naenda kutembea. Baba alifariki mimi nikiwa huku, akazikwa kijijini ng'ambo ya ziwa, na mimi mtoto wake wa kwanza sikutia udongo. Mama alikuwa ananingoja twende wote kaburini ndipo amalize matanga. Mwaka na nusu hajavua nguo nyeusi.

Kosa langu, nikaitaja tarehe kwenye saluni ya Wakongomani. Wakongomani wa Durban ukiwaambia unaenda Mwanza ni sawa na kutangaza redioni, maana ndugu zao wengi vita iliwakimbizia kule. Jioni ile mlango wangu haukufungwa.

"Petit, iko kamuzigo kadogo tu."

Petit ndiyo mimi, mdogo wao. Kadogo gani. Wa kwanza mapazia, wa pili sufuria na mfuniko wake, wa tatu nywele za bandia mfuko mzima. Halafu akaja Tonton Faustin, mjomba wa wote, kinyozi wa saluni ile, aliyenilaza kwake miezi minne nilipofika hapa sina hata godoro. Kaleta suti ya kumpelekea mdogo wake Mwanza. Huyo ningemkataliaje? Na nikishamkubalia yeye, mwingine nimkatae kwa uso gani? Ikafika mizigo kumi na moja.

Uwanja wa ndege, dada wa mizani akasema eish, akanionyesha namba: kilo thelathini na nane, na mwisho ni ishirini. Nikafungua begi pale chini mbele za watu. Mali ya watu ni amana, nikajiambia, kwa hiyo nikatoa vyangu: blanketi la mama, viatu vya mama, mashati yangu. Bado zikazidi. Nikavaa koti la suti ya Faustin, juu yake makoti mawili ya wengine, nywele nikazisokomeza mifukoni. Nilitua Mwanza nimelowa jasho. Wenzangu wanachungulia dirishani waone ziwa na yale mawe yaliyopandana, mimi hata shingo haigeuki.

Nyumbani mama akanivua makoti moja moja. Hakucheka.

"Kesho tunavuka," alisema.

"Mama, nipe siku mbili. Nina mizigo ya watu."

Zikawa tatu. Wewe unadhani mtu anafikisha mzigo na kuondoka. Thubutu. Unakalishwa, kuku anachinjwa, barua inasomwa kwa sauti, watu wanalia, unaulizwa kama amenenepa, kama ameoa, kama bado anasali, kisha unangoja wakuandikie majibu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Walipona wote, mimi nikaugua.

Jumamosi ukabaki mzigo mmoja, ile suti, na ndege yangu ni Jumapili mchana. Nikamwambia mama atangulie kivukoni, nitamkuta saa sita. Nikaenda Igoma, mdogo wake Faustin kahama. Nikamfuata Nyakato, katoka. Nikamkalia mpaka saa nane. Alipokuja akaipokea suti, akaigeuza, akanusa kwapa.

"Hii umeivala."

"Nimeivaa kwenye ndege, ndugu yangu. Ningeibebaje?"

"Na soksi? Faustin kaandika iko soksi. Weye unavala koti ya batu, na soksi unakamata?"

Hasira hasara, neno hilo nalijua toka utoto na halijanisaidia hata siku moja. Jozi moja ya soksi, mwanangu. Nilibishana na yule mtu saa nzima. Nikamwaga begi uani, nikavua viatu aone soksi zangu mwenyewe zilivyotoboka. Majirani walitoka kutazama.

Nilifika kivukoni saa kumi na nusu. Muuza karanga niliyemwulizia akasema, "Mama wa nguo nyeusi? Kaacha vivuko vitatu vinaondoka. Cha nne kapanda, asije akakosa gari la kijijini." Kingine kilikuwepo, lakini ningelala huko, ndege ningeikosa, na kazi pia.

Jumapili alinikuta uwanja wa ndege, ameanza safari alfajiri, vumbi mpaka magotini. Nguo nyeusi ameshaivua.

"Nimemaliza matanga," alisema. "Baba yako nimemwambia umefika Mwanza, kazi zimekubana. Mwanangu, mji mzima umepata kitu kutoka Durban. Yeye tu ndiye hajapata."

Ndege ikaitwa, nikapanda.

Narudi huku, Faustin ananipokea ananiambia, "Petit, pole, soksi nilizisahau chini ya kitanda." Na bado nampenda. Umseme vibaya mbele yangu utaniona.

Basi sikiliza. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilishika kumi na moja. Tarehe yako usiitaje saluni. Ukishuka kwenye ndege, nenda kwanza kwa yule uliyemfuata, umalize lililokupeleka, ndipo uulize njia ya Igoma. Ukiletewa kamuzigo, sema hapana ukimtazama machoni, hata kama alikulaza kwake. Anayekupenda atanuna wiki moja, atapoa. Mama yako hatanuna, na hapo ndipo pabaya.

Nenda, mwanangu. Ndege ikutue salama, mikono yako iwe mitupu ya kumkumbatia mtu wako, na Mungu amweke palepale ulipomwacha mpaka umfikie.