Keria na Kiti cha Kitindamimba

Nilinunua gari langu kubwa likiwa na viti saba, na kabla ya wiki kuisha nilikuwa nimeng'oa viwili vya nyuma kabisa. Nilifungua nati mwenyewe kwa spana ya kuazima, nikavibeba hadi stoo. Wakati huo nililima mahindi upande wa Moi's Bridge, na niliamini kwamba gari lisilobeba magunia ya mbolea ni la mapambo tu. Mke wangu aliniuliza, "Na watoto?" Nikamjibu kwamba watoto hukaa popote.

Watoto walikuwa wanne. Pamoja na sisi wazazi tulikuwa sita, na viti vilibaki vitano. Kila Desemba tulipofunga safari, mmoja alibaki nyumbani kwa bibi yake, na huyo mmoja alikuwa ni yule yule: msichana wetu wa mwisho. Nilimwambia, "Wewe kaa na kogo, bibi yako, ulinde kuku." Nilisema kama mzaha. Ndugu zake wakampa jina, askari wa kuku, na hata mimi nikalitumia.

Mwaka tulioenda Ziwa Bogoria alikuwa na miaka minane. Mwalimu wake alikuwa amewaambia huko kuna maji yanayochemka kutoka ardhini bila moto, na mtu anaweza kupika yai humo. Asubuhi ya safari alimpa kaka yake mkubwa yai moja amchemshie, amrudishie alionje. Kaka alilichemsha, akalila njiani tukirudi, kabla hatujafika Kabarnet. Hadithi hiyo tuliicheka miaka mingi, naye akacheka pamoja nasi. Nilichelewa sana kugundua kwamba yeye ndiye alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Sasa ni mwalimu huko upande wa Turbo, ana watoto wake wawili, na Bogoria hajawahi kufika. Mimi nimekodisha shamba, nina muda wa kukaa na kukumbuka, na kukumbuka si kazi nyepesi kama nilivyodhani. Nilitaka kumwomba msamaha. Sikujua pa kuanzia, kwa hivyo nikaanza na gari.

Nikampigia simu. "Likizo hii twende Bogoria, sote."

"Baba, hiyo gari yako naijua," akasema. "Mimi nitakaa wapi, juu ya jeki?"

"Kuna kiti."

"Nitaamini nikikikalia."

Nilipoingia stoo kuvitafuta vile viti, nilikuta kuku wamevichukua. Kimoja kilikuwa na kuku anayeatamia, akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiyebisha hodi. Mke wangu alicheka mpaka akashika mlango. "Kumbe hawa ndio ulikuwa ukiwawekea nafasi," akasema. Ilitubidi kumngoja huyo kuku aangue. Baadaye nilivisugua viti kwa sabuni siku mbili, nikavifunga mahali pake, na hapo nikaona tatizo ambalo lilinifanya niving'oe tangu mwanzo: vikisimama, nyuma hapabaki nafasi hata ya kuweka mkoba.

Nikaenda Langas kwa fundi wa kuchomelea anitengenezee keria ya juu ya paa. Ni mtu wa upande wa magharibi mwa nchi, mcheshi, na hafanyi kazi mdomo ukiwa umefungwa.

"Mzee, unataka futi ngapi?"

"Iwe kubwa. Ibebe kila kitu."

"Kila kitu ni nini? Unahamia Sudan?"

Alipima paa, akakata vyuma, akachomelea, akapaka rangi nyeusi. Alipomaliza, akagonga kile chuma kwa nyundo, akaniambia kwa sauti ya mtu ambaye sasa hatanii: "Huku juu weka nguo, blanketi, mikeka. Vitu vyepesi. Kitu cha maji kisipande. Gari linayumba, na jua la huku juu si la huko ndani." Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia, ndiyo. Kufuata ni jambo lingine.

Siku ya safari binti yangu alifika mapema na watoto wake. Hakunisalimia kwanza. Alifungua mlango wa nyuma, akakibonyeza kile kiti kwa mkono, akakinusa, kisha akaingia na kukaa. "Kinanuka sabuni," akasema. Lakini hakushuka.

Tulikuwa saba kamili: mimi na mke wangu mbele, mwanangu mkubwa, yule mla yai, katikati na mtoto wake na mtoto wa kwanza wa binti yangu, na binti yangu nyuma kabisa na mtoto wake mdogo. Mizigo yote isipokuwa chakula ikapanda keria. Nilijisikia fundi mkuu wa dunia. Nilipanga mabegi, blanketi na sufuria, nikatandaza turubai, nikakaza kwa mipira ya blada iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu.

Vilibaki vibuyu viwili vya mursik, maziwa yetu ya kuganda, ambayo mke wangu alikuwa ameyatengeneza kwa ajili ya dada yake huko Marigat, ambako tungelala. Alitaka kuvishika mapajani.

"Hakuna mtu atakayeshika kitu mapajani katika gari hili," nikasema. "Keria ipo."

Binti yangu akatoa kichwa dirishani. "Baba, mursik haipandi juu. Itachemka."

"Nimebeba mursik kabla hujazaliwa," nikamjibu, nikavilaza vibuyu kati ya mabegi na kuvifunga.

Hadi Iten mambo yalikuwa mazuri, baridi yetu ya kawaida, watoto wakiimba. Kisha tukaanza kuteremka kuelekea Bonde la Kerio, kona baada ya kona, joto likipanda kila tulivyoshuka. Karibu na daraja la chini kabisa nilisikia mlio juu ya kichwa changu, kama mtu aliyepiga teke mlango wa bati. Mke wangu akasema, "Pancha." Haikuwa pancha. Maziwa mazito, ya kijivu kwa yale makaa tunayosugulia kibuyu, yalianza kuteremka kwenye kioo cha mbele. Nikawasha waipa. Lilikuwa kosa la pili, kwa maana sasa sikuona hata barabara.

Nilisimama kando, mbele ya wanawake waliokuwa wakiuza asali. Walitazama gari likichuruzika. Kisha mmoja akaita, "Mzee, hiyo gari yako inanyonyesha?"

Wote wakaangua kicheko, na wa kwanza alikuwa mke wangu. Wajukuu walishuka wakazunguka gari, wakiniita babu kwa lugha yetu. "Kugo, ni mtindi! Kugo, unatoka masikioni mwa gari!" Mwanangu alipanda juu, akakuta kibuyu kimoja kimerusha mfuniko, na blanketi zote zimekunywa. Cha pili kilikuwa kizima, kikivuta pumzi kama mtu mwenye hasira. Kilipaswa kushushwa, kisimamishwe mapajani, na mfuniko ulegezwe kila baada ya muda. Sakafuni hapakuwa na nafasi, kwa maana chini ya miguu ya kila mtu palikuwa na chakula.

"Sasa," binti yangu akasema huku akifuta kioo kwa kanga, "kama kuna wa kubaki na kibuyu hapa, niiteni mimi. Nina uzoefu wa kubaki."

Kaka yake akacheka. Wale wanawake wakacheka, ingawa hawakujua wanacheka nini. Mimi sikucheka. Nilitoa ufunguo mfukoni nikampa.

"Endesha wewe."

"Mimi?" Ana leseni miaka mingi, na sikuwahi kumwachia usukani hata wa kutoa gari getini.

"Wewe. Nipe hicho kibuyu."

Nikajikunja hadi kiti cha nyuma kabisa, magoti yakagusa kidevu, mjukuu mdogo upande mmoja na mursik katikati ya mapaja. Kutoka huko huoni barabara. Unaona visogo, na unahisi kila shimo kwanza. Tulipoanza kupanda upande wa Kabarnet nilikuwa nimelowa suruali, na moyo ulikuwa ukinisukuma.

"Nilikosea kukuacha nyumbani," nikasema.

Injini ilikuwa ikinguruma kwenye mlima. "Unasema nini, Baba?"

Nikapaza sauti, kila mtu akasikia, hata mla yai akageuka. "Nasema nilikosea! Mwaka ule, na miaka yote! Kiti kilikuwepo, ni mimi niliking'oa! Nisamehe!"

Alibadilisha gia, akapita lori, akarudi upande wetu wa barabara. Nilimwona kwenye kioo kidogo cha katikati, macho tu.

"Nilikusikia mara ya kwanza," akasema. "Nilitaka uirudie."